Macho Huku, Miguu Kule: Umbo la Knightmare

Chumba chenyewe ni kitupu. Kuta na sakafu zimepakwa rangi ya buluu, na katikati amesimama mtoto aliyevishwa kofia kubwa ya chuma yenye pembe, iliyoshuka hadi kuyakinga macho, kiasi kwamba anachoweza kukiona ni ncha za viatu vyake na kipande cha sakafu mbele yake. Mbali na hapo, wenzake watatu wameketi mbele ya skrini na wao wanaona kila kitu: ukumbi wa mawe, mlango wa upande, meza iliyopangwa vitu, jitu lililochomoza uso ukutani. Aliyemo ndani haoni. Wanaoona hawamo ndani. Kinachowaunganisha ni sauti.

Huo ndio mpangilio wa Knightmare, kipindi cha maswali na safari za kichawi walichotengenezewa watoto na Anglia Television ya Norwich, Uingereza, na kurushwa na ITV kuanzia Septemba 7, 1987 hadi Novemba 1994. Kilidumu misimu 8, vipindi 112. Waliokitazama utotoni hukumbuka zaidi mazimwi, wachawi na ngome, na wana haki, maana mambo hayo yalifanywa kwa ustadi. Lakini anayekitazama kwa umbo lake ataona kwamba mazimwi yanapamba jambo gumu zaidi. Knightmare kilimgawa mchezaji, kikampa mmoja miguu na wengine macho, kisha kikaiachia lugha kazi yote ya kuwaunganisha. Kila kilicho kizuri ndani yake kinatoka hapo, na hata pale kilipolegea, kililegea kwa kupasahau hapo.

Mtunzi wake, Tim Child, alikuwa mwandishi wa habari wa Anglia aliyevutiwa na michezo ya kompyuta ya ZX Spectrum, hasa Atic Atac wa 1983 na Dragontorc wa 1985. Kama kompyuta ndogo ya nyumbani iliweza kumtembeza mtu ndani ya ngome, chumba hadi chumba, basi studio ya televisheni nayo ingeweza. Njia iliyokuwepo ni ile ile inayomsimamisha mtabiri wa hali ya hewa mbele ya ramani: mitambo hufuta kila kilicho cha buluu na kupachika picha nyingine mahali pake. Vyumba vya misimu ya mwanzo vilichorwa kwa mkono na David Rowe, vikaingizwa kwenye mitambo, na mwanafunzi wa kawaida akaonekana amesimama chini ya matao ya mawe yaliyoliwa na unyevu.

Njia hiyo ina tatizo moja kubwa. Aliyesimama ndani ya buluu haoni picha iliyopachikwa. Mwigizaji hulimudu kwa mazoezi: hukariri alama za sakafuni, akajua zimwi litasimama wapi na atazame wapi. Mtoto anayeshindana hawezi kukariri, kwa kuwa mchezo wenyewe unataka asijue kilicho mbele. Ukimwekea skrini pembeni, macho yatakwenda kwenye skrini na mtazamaji wa nyumbani atamwona anaongea na zimwi huku anatazama ukutani. Mtayarishaji mwingine angelificha tatizo hilo kwa uhariri. Child alilifanya kuwa sheria. Kama mtoto haoni, basi asione kabisa. Afunikwe uso, na kofia inayomfunika ipewe jina la heshima, Kofia ya Haki. Na kama haoni, lazima pawe na wanaoona kwa niaba yake. Washauri watatu walizaliwa na udhaifu wa mtambo, na ndio waliokifanya kipindi kiwe na roho.

Sikiliza jinsi safari inavyoanza. Msafiri anaingia kwenye chumba cha kwanza na kuuliza yuko wapi. Swali hilo linarudi karibu kila chumba, kwa karibu maneno yale yale. Jibu la kwanza la washauri wengi ni kwamba yuko chumbani. Waingereza wamelicheka jibu hilo kwa miaka mingi. Mimi naliona ni tukio muhimu kuliko mapambano yoyote ya kipindi hiki, kwa kuwa hapo mtoto anagundua mbele ya macho yetu kwamba kuona ni kazi moja na kueleza ni kazi nyingine. Anakiona chumba kizima, kimejaa, kiko wazi. Anafungua kinywa na linatoka neno moja lisilomsaidia mtu. Skrini imemdanganya kwamba mwenzake naye anajua.

Baada ya dakika chache lugha yao inabadilika, na mabadiliko hayo yanaonekana katika kundi lolote linalodumu. Jina la mahali linafuatwa na mpangilio wa mahali: milango miwili, mmoja mbele, mmoja kulia, shimo katikati, kitu kinachong'aa karibu na mguu wa kulia. Sentensi ndefu zinakatwa. Vitenzi vinakuja mwanzoni: tembea, simama, geuka, inama, chukua. Mmoja wa washauri, mara nyingi bila kuchaguliwa, anakuwa msemaji, na wawili wengine wanajifunza kunyamaza hadi waone hatari. Kundi lisilofika hapo husikika upesi. Sauti tatu zinatoa amri tatu kwa mpigo, na msafiri anasimama katikati ya buluu akigeuza kichwa huku na huku, asijue amtii nani. Hakuna mwongozaji aliyemfundisha mtoto huyo kuonekana amepotea. Amepotea kweli.

Kisha kuna kushoto na kulia, na hapa nataka kukaa kidogo. Kamera inamtazama msafiri kutoka mbele. Anapokuja kuelekea kwetu, mkono wake wa kushoto uko upande wa kulia wa skrini. Mshauri anayeona shimo upande wa kulia wa skrini atasema "kulia", na atakuwa amekosea kwa sababu amesahau kujivua nafasi yake na kuingia kwenye mwili wa mwenzake. Msafiri anapotupa mgongo, kulia kunarudi kuwa kulia. Akigeuka, kunageuka tena. Mshauri mzuri hubeba hesabu hiyo kichwani bila kukoma, na huku jitu linanguruma na mwenzake anauliza afanye nini. Hili ndilo swali gumu kuliko yote yaliyoulizwa katika misimu yote 8, na halikuandikwa kwenye karatasi yoyote.

Katika tukio moja linalokumbukwa sana, msafiri yuko kwenye njia nyembamba ukingoni mwa shimo. Mshauri anamwambia apige hatua ya ubavu, na anataja upande usio wenyewe. Msafiri anatii. Anapiga hatua safi, bila kusita, na anatoweka. Hakuna zimwi lililomsukuma wala swali aliloshindwa. Ameangushwa na neno moja, na aliyelitamka ni rafiki yake, aliyemtakia mema na aliyekuwa akiliona shimo waziwazi. Sijui kipindi kingine cha watoto kilichowahi kuonyesha uzito wa kauli kwa ukweli wa namna hiyo. Tazama pia utiifu wa yule aliyeanguka: alipiga hatua kwa sababu aliamini. Umbo linadai imani hiyo kila sekunde, maana mwenye kofia akianza kupima kila amri kabla ya kuitii, safari haiendi.

Pamoja na hayo, Knightmare kinabaki kuwa chemshabongo, na maswali yake yanastahili kusomwa kwa jicho lile lile. Televisheni ya Uingereza ilikuwa na mapokeo marefu ya maswali kabla yake. Mastermind, kilichoanza 1972, ndicho mfano safi kabisa: kiti cheusi, taa moja, muulizaji asiyeonyesha upande. Aliyekibuni, Bill Wright, alitumia kumbukumbu za kuhojiwa na Gestapo wakati wa vita, na ukikitazama kiti kile unaelewa. Hata hivyo muulizaji wa Mastermind hana anachokitaka. Ukikosa hapati kitu, ukipata hapungukiwi. Maswali ni kipimo, na kipimo hakina tumbo.

Ndani ya ngome ya Knightmare kila anayeuliza ana tumbo. Majitu ya ukutani, Granitas na wenzake, ni nyuso za mawe zinazochomoza na kutangaza kwamba zina maswali matatu. Msafiri akikosa yote, wao watajilisha kwake. Cedric, mtawa mwenye hasira, anauliza kwa sababu hapendi wageni. Mlinzi anataka neno la siri kwa sababu ana mlango wa kulinda. Lilith, mchawi wa misimu ya mwanzo, anataka zawadi, na asiyemletea anachokitamani hapiti. Merlin anauliza ili aone kama mtoto anastahili kupewa uchawi. Swali limetolewa kwenye kadi ya mtangazaji na kuwekwa kinywani mwa mtu mwenye haja, na mtoto analazimika kupima mambo mawili kwa pamoja: jibu ni lipi, na huyu anayeniuliza anatafuta nini kwangu. Washauri wanaweza kumsaidia kutafuta jibu, lakini kinywa kinacholitoa mbele ya jitu ni chake.

Malipo ya jibu nayo yamepangwa kwa akili. Jitu la ukutani halitoi pointi zinazojumlishwa ubaoni. Linatoa msaada kwa kipimo cha majibu. Aliyepata yote matatu huambiwa jambo kuhusu chumba kinachofuata, na aliyepata moja hupita akiwa karibu mtupu. Chumba kinachofuata kina meza yenye vitu, na sheria ni kuchukua viwili tu. Pale ndipo thamani ya maswali inapojulikana. Kundi lililojibu vizuri linajua ufunguo ni wa maana na kijiko ni cha kupoteza watu. Kundi lililojibu vibaya linakisia, linachukua viwili, linatoka limeridhika. Halitajua kosa lake hadi limefika mbele ya mtu anayedai kile walichokiacha mezani.

Msomaji aliyekulia kwenye vitendawili atayapima majitu haya kwa mizani anayoijua. Kitendawili chetu kinalipana palepale: mtegaji anatega, aliyeshindwa anatoa mji, mji unaliwa, jibu linatolewa, na wote wanaingia kwenye kitendawili kipya bila deni. Jitu la ukutani halitaki mji. Linaliandika deni kwenye safari yenyewe, na deni linakuja kudaiwa vyumba vitatu mbele, na mtu mwingine, kwa namna ambayo mtoto huenda asiihusishe na swali alilolikosa. Kwa njia hiyo ujuzi unakuwa kitu cha kubebwa. Unaingia kwenye mkoba wa msafiri pamoja na chakula chake.

Maswali yenyewe, nikisema kweli, hayakuwa sawa kwa ubora. Mengi yalitoka katika ngano za Mfalme Arthur, historia ya Uingereza na mafumbo ya maneno, na yapo yaliyomlenga zaidi mtoto mwenye maktaba nyumbani. Mtoto aliyekua bila hadithi hizo aliingia ngomeni na pengo ambalo akili peke yake isingeliziba. Waliojaribu kulisawazisha jambo hili ni washauri, kwa kuwa vichwa vinne vina nafasi kubwa kuliko kimoja, na hii ni faida nyingine ya lile umbo la kugawanya mchezaji.

Uchawi ndio uliofungwa kwa ustadi zaidi. Kundi linapopewa neno la uchawi, haliwezi kulitumia kwa kulitamka. Mshauri lazima atangaze kwamba anafanya uchawi, kisha alitaje neno herufi kwa herufi. Kosa katika tahajia ni kosa katika uchawi. Angalia matokeo yake kwenye skrini: zimwi linakaribia, muda unakwisha, na mtoto wa shule anataja herufi moja moja kwa sauti inayotetemeka, huku wenzake wakizihesabu kwa midomo. Mwalimu yeyote wa lugha angetamani wanafunzi wake wathamini tahajia kiasi hicho. Na nani anayetaja herufi? Mshauri, aliyeketi salama. Hata silaha ya msafiri imewekwa mikononi mwa asiye hatarini.

Umbo la aina hii linahitaji saa, la sivyo washauri wangejadiliana hadi usiku. Knightmare hakikuweka saa ya tarakimu. Kiliweka uso. Katika misimu ya mwanzo, nguvu ya uhai ya msafiri ilionyeshwa kwa kichwa cha shujaa wa vita: kofia inabomoka vipande vipande, kisha ngozi inabanduka, kisha misuli, hadi linabaki fuvu na mboni za macho zinatoka na kuelea. Kichwa hicho kilijitokeza kwenye skrini bila kuitwa, kikakaa sekunde chache, kikaondoka. Kilichofanya kifae ni kwamba mtoto hakuambiwa amebakiza dakika ngapi. Aliambiwa amebakiza uso kiasi gani. Kinga yake ni chakula. Msafiri akikipata na kukitia mkobani, uso unarudi kuwa mzima. Kwa hiyo mkate ulio juu ya meza ni muda uliogeuzwa kitu cha kushikika, na mshauri anayesahau kumwambia mwenzake aweke mkate mkobani anamnyima muda. Misimu ya baadaye ilibadilisha picha hii zaidi ya mara moja, na hakuna iliyofikia ile ya kwanza.

Sasa tufike kwenye jambo linalowagawa watu kuhusu kipindi hiki: kushindwa. Katika vipindi vyote 112 yalishinda makundi 8 tu. Wengine wote walianguka, waliliwa, waliganda, waliishiwa na uhai, au walipotea kwa kosa la kitu kimoja walichokiacha mezani. Wapo waliosema huo ulikuwa ukatili kwa watoto. Sikubaliani nao hata kidogo, na sababu yangu ni ya umbo. Safari iliyogawanywa kati ya anayeona na asiyeona ina maana tu kama neno baya linaweza kuua. Mara tu mtayarishaji anapoanza kuwaokoa watoto kwa huruma, kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja, tahajia inakuwa pambo, na yule msafiri anayepiga hatua gizani kwa kuamini sauti ya rafiki yake anakuwa anaigiza. Ushindi wa makundi yale 8 ulikuwa na uzito kwa sababu mtazamaji alikuwa ameshawaona wengine wakianguka mahali pale pale. Zawadi yao nayo ilikuwa alama ya heshima tu, bila donge la fedha, na ilitosha.

Jambo lingine linaloondoa ukatili ni Treguard, bwana wa ngome, aliyechezwa na Hugo Myatt katika misimu yote. Yeye huketi na washauri, huwakaribisha, huwaonya, na huwasalimu watazamaji wa nyumbani kwa jina la watazama mazingaombwe, akituingiza nasi kwenye mchezo. Myatt aliupata mstari mwembamba kati ya mwenyeji na mtu wa kuogopwa. Hakuwahi kuwabembeleza watoto. Kundi linapoangamia, anawaeleza kosa lilikuwa wapi: kitu kipi kilikuwa cha kuachwa, dokezo lipi walilisikia na hawakulitumia. Maelezo hayo ni sehemu ya haki. Yanathibitisha kwamba njia ilikuwepo, na kwamba ngome haikuwadanganya. Mtoto anayeambiwa ukweli kuhusu kosa lake ameheshimiwa kuliko anayepewa pole na begi la zawadi.

Na hapa ndipo ninapokuwa na shaka na misimu ya baadaye. Mwanzoni ngome haikuwa na adui mmoja. Ilikuwa na hatari, baadhi zikiwa na sura ya mtu, kila moja na sheria zake. John Woodnutt alicheza Merlin, na akacheza pia Mogdred, uso wa giza wa mchawi yule yule, na mtoto alibaki na wasiwasi kwamba msaada na maangamizi vinaweza kutoka kwenye kinywa kimoja. Msimu wa 5 ulimleta Lord Fear, aliyechezwa na Mark Knight, na ngome ikagawanyika pande mbili: Treguard na watoto huku, Lord Fear na majeshi yake kule. Hadithi ikawa rahisi kuifuata. Knight alikuwa mchangamfu, na watoto walimpenda kumchukia. Lakini hofu ilipungua. Ngome isiyomchukia mtu ilikuwa inatisha zaidi, kwa sababu ndani yake huna wa kumlaumu isipokuwa maneno ya kundi lako. Ukishapewa adui mwenye jina, kosa la mshauri linaanza kuonekana kama ushindi wa adui.

Hata hivyo enzi hiyo ya Lord Fear ilizaa kifaa kimoja ambacho nakihesabu miongoni mwa uvumbuzi bora wa kipindi: darubini ya upelelezi. Msafiri akiipata na kuiinua, skrini ya washauri inaonyesha makao ya Lord Fear, akipanga njama na kutaja maneno ya siri yatakayohitajika mbele. Washauri wanapeleleza. Wasikilize kwa muda gani? Wakiiacha mapema watakosa neno la siri. Wakichelewa, wanaopelelezwa wanawagundua. Kwa mara ya kwanza macho yanayotazama salama kutoka ukumbini yanaweza kuonekana nayo. Mpaka uliowalinda washauri tangu 1987 unapasuka kidogo. Natamani wangeupasua zaidi, kwa kuwa hapo walikuwa wamegusa kiini cha umbo lao wenyewe.

Kuhusu mandhari sitasema mengi. Michoro ya Rowe ina giza lenye kina ambalo vyumba vya kompyuta vya mwisho havikulifikia, na picha za majengo halisi zilizoingizwa kuanzia msimu wa 4 zilileta mwanga wa jua mahali ambapo giza lilikuwa linafanya kazi.

La kutazama kwa makini zaidi ni namna kipindi kilivyokatwa. Chemshabongo nyingi hufunga hesabu kila siku: wanakuja, wanashindana, mmoja anashinda, kwaheri. Knightmare kilirushwa kama safari moja ndefu iliyokatwa vipande vya nusu saa. Kengele ya kufunga inaweza kulikuta kundi katikati ya chumba, jitu limefungua kinywa, na mchezo ukagandishwa hadi wiki ijayo. Kundi linaweza kuangamia dakika ya saba, na jipya likaingia mlangoni dakika ya nane, likiwa na woga wake mpya na jibu lake la kwanza kwamba mwenzao yuko chumbani. Matokeo yake ni mdundo usiotabirika. Mtazamaji hawezi kutumia saa ya ukutani kubashiri nani atapona. Katika tamthilia nyingi za watoto unajua shujaa hafi dakika ya kumi kwa sababu bado zimebaki ishirini. Humu kinga hiyo haipo. Gharama yake ililipwa na makundi ya mwisho wa msimu, ambayo mara kadhaa yalikatiwa safari kwa sababu muda wa hewani umekwisha. Huo ulikuwa uonevu halisi, na ndio pekee ninaoushitaki: ngome iliyokuwa na sheria kwa kila kitu ilimwondoa mtoto kwa sababu isiyokuwemo kwenye sheria zake.

Mtazamaji wa nyumbani amewekwa kwenye kiti kisicho cha kawaida. Anaona picha ile ile wanayoiona washauri, wala hana cha ziada. Kwa hiyo makosa yao ni makosa ambayo angeweza kuyafanya, na tofauti pekee kati yake na wao ni kwamba sauti yake haifiki. Ndiyo maana watoto waliipigia kelele runinga. Chemshabongo ya kawaida humfanya mtazamaji ajipime na mshindani: ningelijua hili? Knightmare kilimfanya awajibike kwa mtu wa tatu. Anamwona msafiri anaelekea kwenye shimo, anajua neno la kumsimamisha, analitamka sebuleni, na halisikiki. Sidhani kama kuna kipindi kilichoyatumia masafa kati ya kioo cha televisheni na kochi kwa faida kubwa kuliko hicho.

Wazo hilo lilisafiri. Ufaransa walilifanya kwa jina la Le Chevalier du Labyrinthe, Hispania kwa jina la El Rescate del Talismán, na Marekani walitengeneza kipindi cha majaribio mwaka 1992 ambacho hakikuendelea. Mwaka 2013 YouTube ilirusha kipindi kimoja kipya, na mwaka huo huo likaanza onyesho la jukwaani, Knightmare Live. Onyesho hilo ndilo lililonisaidia kupima ni kipi kilichokuwa cha lazima. Jukwaani hakuna ukuta wa buluu. Hakuna mitambo ya kupachika picha, wala michoro ya Rowe. Hadhira inamwona msafiri kwa macho yake, mita chache mbele, na kwa hesabu ya kawaida kofia haina kazi tena, kwa sababu hakuna kilichofichwa kinachohitaji kufichwa. Waandaaji waliibakiza. Mtu mmoja anafunikwa macho, wengine wanamwongoza kwa maneno, na hadhira iliyolipa kiingilio inakaa kwenye kiti kile kile cha watazamaji wa 1987, ikiona shimo, ikijua upande ulio salama, ikimsikiliza mshauri akianza kutamka neno la kushoto bila kuonyesha kama anamaanisha kushoto kwake au kwa mwenzake.